Njia Tatu za Makutano

Mji wa Musoma ulizaliwa ukitazama maji. Umekaa juu ya rasi inayoingia katika Ziwa Viktoria, kaskazini yake ikiwa ghuba ambamo Mto Mara humwaga maji yake, na majabali makubwa yamelala ufukweni mfano wa ng'ombe waliojinyoosha juani. Mtu aliyezaliwa Unguja, Pemba au Lamu akipelekwa Mwigobero au Makoko, hahitaji kufundishwa mji huo ulipangwaje. Gati lilikuwa ndiyo sebule. Barabara ilikuwa mlango wa uani. Leo mambo yamegeuka. Mkaazi wa Kamunyonge, mojawapo ya kata za mji huo, akisema anasafiri, maana yake ni kwamba anakwenda kupanda basi, na basi hilo, lielekee Mwanza, Sirari au Arusha, halina budi kwanza kuyapa maji kisogo na kwenda mashariki hadi Makutano, kilomita zisizozidi 20 kutoka mjini. Hapo ndipo njia zinapogawanyika, na hapo ndipo historia ya nchi ya Mara inapoweza kusomwa vyema zaidi kuliko katika majumba ya serikali.

Kabla ya barabara palikuwa na vyombo. Watu wa pwani walikwishafika katika ziwa hilo kwa njia ya Tabora zamani kabla ya Mjerumani kusimamisha bendera. Stanley alipowasili Kageyi, katika Ghuba ya Speke, mwezi Februari 1875, alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Songoro, ambaye alikuwa akiunda jahazi lake. Mtu huyo aliuawa Ukerewe mwezi Disemba 1877 pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, katika ugomvi wake na Mtemi Lukonge. Habari zake katika vitabu vya historia ni chache, lakini jahazi hilo linaonyesha kwamba ufundi wa bandari zetu ulivuka bara nzima kwa miguu, misumari na misumeno ikichukuliwa vichwani, hadi ukapata maji mengine ya kuelea.

Kisha ikaja reli ya Uganda. Ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo meli za ziwani zikawa zinaufunga ukanda wote wa mashariki mwa ziwa na Mombasa kuliko na Dar es Salaam. Ngozi, samli na pamba ya Musoma vilivuka kwenda Kisumu, vikapanda gari moshi, vikateremkia Kilindini. Hata reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, Musoma haikuona sababu ya kuuhama mlango wake wa zamani. Mwaka 1961, meli ya Victoria ilipoanza kazi na kuzunguka ziwa kutoka Kisumu hadi Musoma, Mwanza, Bukoba na bandari za Uganda, watu wa mji huo walijiona wako katikati ya dunia, na kwa hesabu za wakati ule walikuwa na haki.

Barabara yenyewe haina tarehe moja ya kuzaliwa. Ilianza kama vijia vya miguu: vya wafugaji, vya wawindaji, vya wanawake waendao gulioni, vya askari wa boma la Wajerumani la Shirati na lile la Ikoma. Waingereza walipokuja waliwatumia watemi kuwatoa watu kwenda kulima barabara, kama walivyofanya katika Tanganyika yote. Jembe na karai ndivyo vilivyokuwa mashine. Watu walizipanua njia ambazo babu zao walikuwa wakipita bila ya amri ya mtu, na mara nyingi gari la kwanza walilolipisha juu ya kazi yao lilikuwa la mtoza kodi.

Turudi Makutano. Njia ya kwanza yashika kusini kupitia Kiabakari, palipokuwa na mgodi wa dhahabu wakati wa ukoloni, hadi Bunda. Kisha yatelemka kandokando ya lango la Ndabaka, ambapo Hifadhi ya Serengeti karibu inaligusa ziwa, yapita Lamadi na Magu na kuingia Mwanza. Kutoka Musoma hadi Mwanza ni takriban kilomita 220. Hii ndiyo iliyokuwa njia ya pamba, na pamba hiyo ndiyo iliyowafundisha wakulima wa Ziwa siasa. Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, ndiye aliyewakusanya wakulima hao katika ushirika mkubwa wa Victoria Federation katika miaka ya 1950, wapate kuipima pamba yao wenyewe badala ya kutegemea mizani ya mnunuzi.

Lakini kwa msomaji wa mashairi, Bunda ina sifa nyingine. Hapo huchomoza njia iendayo magharibi hadi Kisorya, mwisho wa nchi kavu, ambapo kivuko husubiri watu wa Ukerewe. Kisiwa hicho kimoja, kisichokuwa na chuo kikuu wala kiwanda cha uchapaji, kimetupatia Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuiandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka, akakaa nayo kwa zaidi ya miaka 30 akitafuta mchapishaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka 1981 kitabu kikiwa ndiyo kwanza kimetoka. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944, aliondoka kisiwani kijana, na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ikazusha ule ugomvi wa vina na mizani ambao washairi wa mwambao hawajaumaliza hadi leo. Wako walioliita shairi lake guni. Wako walioliona kuwa pumzi mpya. Haidhuru mtu yuko upande upi, ni vyema akumbuke kwamba ugomvi huo ulivushwa kwa kivuko kabla haujafika Dar es Salaam, na kwamba ulitoka kwa mtu wa kisiwani kama wao.

Njia ya pili yaelekea kaskazini. Huuvuka Mto Mara penye Daraja la Kirumi, lililojengwa katika miaka ya 1980. Kabla ya daraja palikuwa na kivuko, na mto ulipofurika hadi kwenye matete, msafiri hakuwa na la kufanya ila kungoja. Ng'ambo ni nchi ya Wajaluo na Wakurya, kisha Tarime, kisha Sirari, na Sirari imekaa juu ya mpaka. Mtu hahitaji kupiga hatua nyingi kutoka hapo kuingia Isebania, ambayo ni Kenya.

Mpaka huo una udugu wa ajabu na visiwa vyetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba ambao ulimbakishia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wa maili 10 tu upande wa bara, pamoja na visiwa vyake na miji michache. Sayyid Barghash aliukubali mwezi Disemba mwaka huohuo kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Katika karatasi ileile palichorwa mstari kutoka mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, ukazunguka kaskazini mwa Kilimanjaro, ukaenda moja kwa moja hadi ufuo wa mashariki wa ziwa, penye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Waliouchora hawakuwahi kumwona Mkurya. Mstari uliwakata Wakurya ukawaacha nusu huku na nusu kule, shangazi upande mmoja na mpwa upande mwingine, na zizi la ng'ombe baina yao. Kalamu moja, basi, iliwapunguzia Waunguja bara yao na kuwapa watu wa Mara mpaka wao.

Kwa miaka mingi mstari huo haukuuma sana, maana shilingi ilikuwa moja, meli zilikuwa za pamoja na barua zilibandikwa stempu moja. Ulianza kuuma mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo, siku zilezile ambazo TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama cha Mapinduzi, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mali zake zikagawiwa. Meli ya Victoria ilibaki Tanzania, nayo haikurudi tena Kisumu kama ilivyozoea. Hapo ndipo Musoma ilipopoteza sebule yake. Bandari iliyokuwa ikiishi kwa Kisumu na Mombasa ikajikuta inatazama maji yasiyokwenda popote, na mji mzima ukalazimika kugeukia uani, kwenye barabara ya Mwanza, ambayo siku za masika haikuwa barabara bali dua.

Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mtu asidhani kwamba kwa karibu miaka saba hakupita kitu Sirari. Sabuni ilipita, mafuta ya kula yalipita, kahawa na ng'ombe walipita usiku, na neno magendo likawa neno la nyumbani. Serikali iliposimamisha vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, wilaya za mpakani zilikuwa miongoni mwa zilizoangaliwa kwa jicho kali. Lakini ni vigumu kumwambia mtu kwamba kumpelekea mjomba wake chumvi ni hujuma, ikiwa nyumba ya mjomba huyo inaonekana kutoka kizingitini.

Ya tatu ni njia ya mashariki, nayo ndiyo fupi kwa jina na ndefu kwa mambo. Kutoka Makutano huenda Butiama, katika nchi ya Wazanaki. Mwaka 1934, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito, ambaye alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922, alitolewa machungani akapelekwa skuli ya bweni ya Mwisenge, mjini Musoma. Mwendo huo wasifu wake huutaja kuwa maili 26, nazo ni kama kilomita 42. Alikuwa na miaka 12. Jina la Julius hakuwa nalo bado. Alikuja kulipata kwa ubatizo mwaka 1943. Wala Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Kwa mtoto wa Kizanaki, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwisho wa njia: kilianza pale vijia vya Butiama vilipokutana na mji, na penye mlango wa darasa. Aliyekuja baadaye kuifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari, ikatoka mwaka 1963, na kuvitia vitabu vya Injili katika bahari ya utenzi, vikachapishwa mwaka 1996, aliianza lugha hiyo Musoma, akiwa mgeni kwayo. Hili washairi wa mwambao, ambao Kiswahili wamekinyonya, wana haki ya kulishangaa kidogo.

Wenzake waliobaki Butiama hawakupata njia hiyo. Yeye alikuwa mtoto wa mtemi, na Waingereza walipendelea watoto wa watemi wasome. Hapana shaka jambo hilo lilimkaa moyoni, maana miaka 40 baadaye, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, naye akiwa mwenyekiti, na ikapitisha lile lililokuja kuitwa Azimio la Musoma. Lengo la kuwaingiza watoto wote katika elimu ya msingi, ambalo lilikuwa limewekwa kufikiwa mwaka 1989, lilivutwa hadi 1977. Vijana wa sekondari nao waliambiwa wafanye kazi kwanza kabla ya kuomba kuingia Chuo Kikuu. Zanzibar ilikuwa na njia yake. Elimu bure ilitangazwa huku tarehe 23 Septemba, 1964, na skuli hazikuwa jambo la Muungano. Bara walikuwa wanakimbiza miaka.

Azimio hilo lilishuka vijijini kama mvua kubwa juu ya paa la makuti. Watoto walijaa madarasani kwa idadi ambayo nchi haikupata kuiona, na walimu hawakuwako. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha, nao wakajulikana kwa jina la walimu wa UPE. Jina hilo baadaye liligeuzwa dhihaka. Dhihaka hiyo si ya haki. Kijana wa miaka 17 au 18 aliyekabidhiwa chaki na watoto 60 chini ya mwembe alifanya kazi ambayo wasomi wa mjini hawakuwa tayari kwenda kuifanya, na wengi wanaomcheka walijifunza herufi kwake. Ubora uliporomoka, ni kweli. Lakini yule aliyetembea maili 26 alikuwa anajua ubora wa skuli ambayo mtoto hawezi kuifikia.

Mwalimu alirudi Butiama baada ya kung'atuka urais mwaka 1985. Alilima, akapokea wageni kutoka duniani kote, na wageni hao wakaimeza vumbi ileile. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa kwao Mwitongo, Butiama, tarehe 23 mwezi huo. Wiki tano baada ya mazishi, tarehe 30 Novemba, marais watatu walitia saini Arusha mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki, na habari hiyo Sirari walikuwa wakiingojea tangu 1977.

Njia ya mashariki, hata hivyo, haiishii kaburini. Yaendelea hadi Nata na Mugumu, na hapo hukutana na ukuta usioonekana. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951; mwaka 1959 Wamasai waliokuwa ndani yake walihamishiwa Ngorongoro, na Waikoma na Wanata walioishi kwa uwindaji wakajikuta wanaitwa majangili katika mbuga za babu zao. Hapo zamani palikuwa hapitiki kwa sababu nyingine, lakini palipitwa. Mwaka 1892 Oscar Baumann alitoka Tanga na msafara wa wapagazi, akashika njia ya Umasaini, akapita Ngorongoro, akaikata Serengeti hadi ziwani. Alikuta sotoka imekwishamaliza ng'ombe, na Wamasai wanakufa kwa njaa njiani. Sifa ya safari hiyo alipewa yeye. Mizigo ilichukuliwa na watu wengine.

Karibu miaka 120 baadaye serikali ilitaka kuipitisha barabara kuu palepale: kutoka Makutano kwenda Nata, Mugumu, Loliondo na kutokea Mto wa Mbu, ili Musoma na Arusha ziungane. Kilomita 53 za barabara hiyo zingepita ndani ya kaskazini ya hifadhi, katika mapito ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaokwenda kutafuta maji ya Mto Mara kila kiangazi. Mwaka 2010 wanasayansi waliandika katika jarida la Nature kwamba barabara hiyo itaiangamiza Serengeti. Wengine walipendekeza njia ya kusini, kupitia Mbulu, Haydom na Sibiti. Mwezi Juni 2011 serikali iliieleza Kamati ya Urithi wa Dunia kwamba kipande cha hifadhini hakitatiwa lami. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama lilikuwa limekwishafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na tarehe 20 Juni, 2014, mahakama hiyo ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami katika kipande hicho. Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 na kuifunga njia ya kaskazini, ilipofufuka ndiyo iliyoifunga ya mashariki.

Haiwezekani kusema kwamba mahakama ilikosea. Nyumbu hawana mkataba wala wakili, na lami huvuta malori, malori huvuta mji. Lakini katika maneno mengi yaliyosemwa wakati ule, Ulaya na Marekani, sauti ya mtu wa Mugumu ilisikika kwa nadra. Mama mwenye uchungu wa uzazi anayesafirishwa kwa pikipiki kwenye makorongo, au mkulima ambaye nyanya zake huharibika kabla ya kufika sokoni, hawakuwa na jarida la kuandikia. Waliambiwa wasubiri, na kusubiri ndiyo kazi wanayoijua. Sehemu ya kwanza ya lami, kilomita 50 kutoka Makutano kupitia Butiama hadi Sanzate, ilianza kujengwa katika muongo wa 2010, ikachelewa mwaka hadi mwaka, mitaro ikiwa imechimbwa na mvua ikiijaza.

Mabasi ya Musoma na Arusha yalishika njia ya ndani ya hifadhi, kupitia Ikoma na Ngorongoro, juu ya changarawe, abiria wakiwatazama twiga kwa macho ya watu wenye usingizi. Huko kaskazini, zile kilomita 53 zimepita kidogo tu mwendo wa yule mtoto aliyekwenda Mwisenge mwaka 1934. Kiangazi nyumbu huzikata wakielekea mtoni, na baada yao hubaki kwato katika vumbi, na alama za magari ya askari wa wanyamapori.